Odysseus Alipopitiwa na Usingizi

Siku tisa mfululizo, mchana na usiku, Odysseus alishika kamba ya tanga kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwachia baharia yeyote. Siku ya kumi kisiwa chake cha Ithaca kikatokea mbele yao, karibu kiasi cha kuwaona watu wa pwani wakichochea mioto. Vita vya Troy vilikuwa vimemtenga na mke na mtoto kwa miaka kumi, na sasa nyumbani kulikuwa pale mbele ya macho. Hapo ndipo alipopitiwa na usingizi.

Ndani ya merikebu yake kulikuwa na mfuko wa ngozi ya ng'ombe uliokazwa kwa uzi wa fedha. Alipewa na Aeolus, mtunza pepo, ambaye alizifungia humo pepo zote kali na kuuacha nje mmoja tu, ule wa magharibi, uwasukume kwao. Mabaharia hawakuyajua hayo kwa sababu hawakuambiwa. Walipomwona nahodha amelala wakaanza kunong'onezana: kila tunapotia nanga huyu anapewa zawadi, na sisi tuliosafiri naye safari ileile tunarudi mikono mitupu, hebu tuone humu mna dhahabu kiasi gani. Wakafungua. Pepo zikatoka zote kwa pamoja, zikazirudisha merikebu mpaka kwa Aeolus, naye akakataa kuwasaidia mara ya pili.

Kisa hiki kimo katika kitabu cha 10 cha Odyssey, utenzi wa Homer wenye vitabu 24 na mistari zaidi ya 12,000. Mimi ni mhadhiri wa fasihi katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, na kati ya visa vyote vya Wagiriki wa kale, hiki ndicho ninachowasimulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kabla ya vingine. Hakina zimwi ndani yake, wala adui. Kina mtu hodari, mchapakazi, mwenye kila nia ya kufika, aliyeponzwa na mambo mawili: hakulala, na hakusema.

Chuoni ushauri unaotolewa zaidi ya wowote ni kujikaza. Mwanafunzi akionekana macho mekundu, wenzake humwambia akaze buti. Akilalamika kwamba kozi ni nyingi, huambiwa apige msuli. Ndiyo maana hekaya za Kigiriki zikifika mikononi mwa vijana husomwa kama sifa za misuli: Herakles akamkaba simba, Theseus akamuua Minotaur, nasi tukaze vivyo hivyo. Nimezifundisha muda mrefu na naziona zikisema jambo tofauti. Zinamjua binadamu kuwa kiumbe anayechoka. Anayenusurika humo kwa kawaida ni yule aliyekubali mapema kwamba nguvu zitamwishia, akajipanga kabla ya saa hiyo kufika, na akawa na mtu wa kumshika.

Mtoto wa kaka yangu anaishi kwangu. Anasomea shahada ya uuguzi, ambayo hapa kwetu ni ya miaka minne, na yuko mwaka wa tatu. Siku za zamu wodini hutoka nyumbani kungali giza, hupanda daladala mbili, hurudi jioni, kisha hukaa na madaftari mpaka majogoo waanze kuwika. Katika kipindi kimoja cha majaribio nilimkuta alfajiri kwenye meza ya kulia, taa inawaka, kichwa kimeegemea ukutani.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Hujalala?”

“Nitalala mtihani ukiisha. Hapa ni kujikaza tu.”

Nikamwuliza alikuwa anasoma nini. Akautazama ukurasa, akaupitia tena kuanzia juu, asiweze kuniambia.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ambayo kila mwanafunzi wa afya angepaswa kuyajua. Walilinganisha watu wakiwa wamekaa macho na watu haohao wakiwa wamekunywa pombe, kwa jaribio lilelile linalohitaji jicho na mkono kushirikiana. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji ulishuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ilipofika saa 24, ulishuka sawa na wa mwenye asilimia 0.1. Muuguzi mwanafunzi aliyekesha na daftari huingia wodini asubuhi akiwa katika hali hiyo, na mkononi ana bomba la sindano na hesabu ya dozi. Wanaochunguza ubongo nao wametuonyesha kwamba usingizini ndimo inamofanyika sehemu kubwa ya kazi ya kuyaimarisha tuliyojifunza mchana. Anayekesha ili ajaze kichwa anakinyima kichwa nafasi ya kuhifadhi.

Wagiriki hawakuwa na maabara, lakini Hesiod, mshairi aliyesema kwamba wito wa ushairi ulimjia akichunga kondoo chini ya mlima Helicon, aliacha maneno ninayoyarudia mara nyingi darasani. Akina Muse, miungu tisa wa kike wanaosimamia ushairi na sanaa, ni mabinti wa Mnemosyne, yaani Kumbukumbu. Na mara baada ya kumtaja mama huyo, Hesiod anaeleza walizaliwa kwa ajili ya nini: kuwasahaulisha watu machungu na kuwapumzisha na mahangaiko yao. Kwa mshairi huyo kupumzika kumetoka tumboni mwa kumbukumbu.

Na Homer analo jibu lake kuhusu usingizi wa Odysseus, ingawa linakuja vitabu vitatu baadaye na wasomaji wengi hawaviunganishi visa hivi viwili. Mwishowe Odysseus anafikaje Ithaca? Anafika amelala fofofo. Waphaeacia, watu wa pwani waliomkirimu, wanampakia katika merikebu yao, wanamtandikia nyuma ya chombo, wanapiga makasia usiku kucha, na alfajiri wanamshusha mchangani pamoja na zawadi zake kabla hajaamka. Alipong'ang'ania kamba peke yake siku tisa aliikosa pwani akiwa anaiona. Alipokubali kubebwa na wengine akafikishwa mpaka nchi kavu.

Lile la kutosema linanigusa zaidi kwa sababu naliona kila muhula. Katika kazi za kikundi yuko kijana hodari anayekusanya kila kitu kwenye kompyuta yake. Anadhani anawapunguzia wenzake mzigo. Wenzake wanaona mfuko uliofungwa, wanaanza kujiuliza kama majina yao yamo, na ugomvi unaozuka siku ya kuwasilisha unaiharibu kazi ambayo yenyewe ilikuwa nzuri. Nyumbani ni vilevile. Mwanafunzi amepata sapu mbili au fedha yake ya Bodi ya Mikopo imechelewa, “bumu” haijaingia, na kila akipigiwa simu na mama yake anajibu kwamba mambo ni mazuri. Mama huyo akijaambiwa ukweli mwezi wa mwisho, hana tena muda wa kuomba mkopo kwenye kikoba chake wala wa kumtafuta mjomba. Odysseus angeweza kuwaambia mabaharia wake sentensi moja tu: humu mna pepo, msifungue.

Sasa nije kwa akina Siren, ambao wanafunzi hudhani wanawajua. Filamu na picha zimewafanya kuwa warembo wa baharini wanaowavuta wanaume kwa mapenzi. Katika Odyssey hakuna hata neno juu ya sura zao. Wapo wawili, wamekaa kwenye mbuga yenye maua iliyozungukwa na mifupa ya watu, na wanaimba. Ni ahadi iliyomo katika wimbo wao inayonifanya niwatafute kila mwaka: wanamwahidi Odysseus elimu. Wanamwambia kwamba wanayajua yote yaliyotokea Troy na yote yanayotokea duniani, na kwamba anayewasikiliza huondoka akiwa na maarifa zaidi. Chambo chao kwa mtu mwenye akili ni kujua.

Nadhani hapo Homer aliielewa simu ya mwanafunzi kabla haijatengenezwa. Tungekuwa tunasumbuliwa na upuuzi mtupu, kazi ingekuwa rahisi. Lakini mihadhara imo kwenye simu. Vitabu vimo humo, kundi la darasa limo humo, tangazo la kubadilishwa chumba cha mtihani linakuja kwa njia hiyohiyo. Binti anaifungua ili apakue noti za famakolojia, anaona ujumbe, anaona video ya daktari anayeeleza jambo la kweli na la maana kabisa, inafuata nyingine, na baada ya saa nzima amejua mengi na noti hajazifungua. Hakufanya uvivu. Alikuwa anajifunza muda wote, mambo ambayo hakuketi kujifunza.

Tazama sasa Odysseus alifanya nini. Hakujiambia kwamba atakuwa imara. Circe, mungu wa kike mchawi, alikuwa amemwonya kabla ya safari, naye akaufuata ushauri wake hatua kwa hatua. Alikata kipande kikubwa cha nta, akakikandakanda juani mpaka kikalainika, akawaziba mabaharia masikio. Yeye mwenyewe alitaka kusikia, kwa hiyo akaagiza afungwe mikono na miguu kwenye mlingoti, na akaongeza agizo moja: nikiwaomba mnifungue, nikazeni zaidi. Wimbo ulipoanza, moyo wake ukataka kwenda. Akawaashiria kwa nyusi wamwachie. Mabaharia wake Perimedes na Eurylochus wakainuka, wakaongeza kamba. Aliyetoa amri alikuwa Odysseus mwenye akili timamu, na aliyenyimwa ombi alikuwa Odysseus huyohuyo akiwa amelewa wimbo.

Wanafalsafa wamelichukua jambo hili kwa uzito. Jon Elster, msomi wa Norway, mwaka 1979 alitoa kitabu kizima kilichobeba jina la Ulysses, ambalo ndilo jina la Kilatini la Odysseus, pamoja na akina Siren, akichunguza jinsi mtu anavyoweza kujifunga leo ili asijiangushe kesho. Katika tiba ya maradhi ya akili pia, mapatano ambayo mgonjwa anayaandika akiwa mzima, kuhusu atakavyotibiwa akizidiwa, huitwa kwa jina la Ulysses.

Nilimsimulia binti yetu kisa hicho tukimenya viazi. Kesho yake akapitia steshenari, akachapisha noti za wiki nzima kwenye karatasi, akaja kunikabidhi simu baada ya chakula cha usiku. “Shangazi, nikikuomba kabla ya saa nne, usinipe. Hata nikikwambia ni la chuo.” Aliniomba, na kweli akaniambia ni la chuo. Sikumpa. Alikasirika kidogo, akarudi mezani, na saa nne alipokuja kuichukua alikuwa amemaliza sura aliyoikimbia tangu muhula uanze. Wanaokaa hosteli humkabidhi mwenzao wa chumba. Wengine wana mapatano kwenye vimbweta: simu zote zinarundikwa katikati ya meza na anayegusa ya kwake ananunua chai. Hiyo ndiyo kazi ya Perimedes na Eurylochus, na haihitaji fedha.

Baada ya akina Siren kuna mlango mwembamba wa bahari. Upande mmoja yuko Charybdis, anayeimeza bahari nzima na chombo kilicho juu yake. Upande wa pili, pangoni, yuko Scylla mwenye vichwa sita, na kila kichwa hunyakua mtu mmoja. Circe alimwambia Odysseus waziwazi: pita upande wa Scylla, utapoteza sita, ni afadhali kuliko kuwapoteza wote. Odysseus akauliza kama hawezi kumkwepa Charybdis na papo hapo kupigana na Scylla. Circe akamkemea. Pamoja na hayo, walipofika alivaa silaha zake na kushika mikuki miwili, akasimama akiangaza mwamba mpaka macho yakamchoka. Hakuona kitu. Wote walipokuwa wamemwelekezea macho Charybdis, Scylla akawachukua sita.

Ninawajua wanafunzi waliovaa silaha hizo. Mmoja wao ana kozi saba, ni mwenyekiti wa darasa, anaimba kwaya ya Jumapili, anauza vitenge mtandaoni ili ajilipie chumba, na mwezi wa mitihani anaapa kwamba hatapoteza hata kimoja. Mara nyingi anayeapa hivyo ndiye anayekaribia kudisko, kwa sababu amemkaribia Charybdis akikataa kuhesabu hasara ndogo. Mimi huwaomba wakae chini wiki ya tatu ya muhula, kabla maji hayajachafuka, waamue kwa kalamu nini kitaachwa: kwaya miezi miwili, uenyekiti akabidhiwe makamu, katika kozi moja aridhike na B. Ni uamuzi mchungu. Homer hafichi uchungu huo. Odysseus anasema kwamba katika yote aliyoyapitia baharini hakuona jambo la kuhuzunisha kama wale sita wakinyoosha mikono na kumwita kwa jina.

Penelope, mkewe, husifiwa kwa uvumilivu, na mimi naona sifa hiyo inampunja. Nyumbani kwake walijazana wachumba 108 wakila mali ya mumewe na kumshurutisha aolewe. Hakuwa na jeshi. Mwanawe alikuwa bado mdogo. Akawaambia ataolewa akimaliza kufuma sanda ya mkwewe, mzee Laertes, maana ingekuwa aibu mzee mwenye mali nyingi azikwe bila sanda. Mchana akafuma mbele ya watu, usiku akafumua kwa mwanga wa mienge. Miaka mitatu akawazuia hivyo, hadi mjakazi mmoja alipotoa siri. Huyu alikuwa mwanamke anayenunua muda, kwa sababu muda ndicho kitu pekee alichoweza kukipata.

Nawasimulia kisa hiki hasa wanafunzi ambao wamepatwa na jambo zito katikati ya mwaka: ujauzito wenye matatizo, msiba wa mzazi aliyekuwa akilipa ada, ugonjwa. Vyuo vyetu vina utaratibu wa kuahirisha masomo. Unaandika barua, unaambatanisha vielelezo, unarudi mwaka unaofuata na alama zako zilizokwisha kupatikana ziko palepale. Wengi wanaona haya kuutumia. Wanaona kuahirisha ni kushindwa, wanaingia mitihani yote wakiwa na msiba kichwani, na matokeo yanawaondoa chuoni moja kwa moja. Barua ingewatunzia nafasi yao. Waliokwisha kuipoteza huja kuniuliza kwa nini hakuna aliyewaambia mapema, na ndiyo maana naandika aya hii.

Yapo mengi katika hekaya hizi ambayo siyapokei. Odysseus aliondoka Troy na merikebu 12 na akarudi bila hata moja wala baharia hata mmoja. Kama kiongozi wa wenzake sitaki aigwe. Aliporudi, wajakazi 12 wa nyumba yake walinyongwa kwa sababu walilala na wachumba, na hakuna aliyeuliza kama walikuwa na uwezo wa kukataa. Wasichana darasani huwa wa kwanza kuliuliza hilo, na wana haki ya kuliuliza. Hekaya inasomwa pamoja na makosa yake.

Na wapo wanaoniuliza kwa nini niwapeleke vijana Ugiriki wakati pwani yetu ina masimulizi yake. Nawapeleka kote. Sophocles amekuwa akisomeka kwa Kiswahili tangu mwaka 1971, Samuel Mushi alipoitafsiri tamthilia ya Mfalme Edipode. Na ninapofika kwa Achilles aliyeuawa kwa kisigino chake, wanafunzi wenyewe hunitangulia kumtaja Fumo Liongo, shujaa wa Waswahili, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Kinachowapita ni kisa cha gerezani. Liongo alikuwa jitu la nguvu, lakini nguvu zake hazikuikata minyororo ya mfalme wa Pate. Aliyemtoa ni mama yake, aliyeficha tupa ndani ya mkate wa wishwa ambao walinzi waliudharau, na mjakazi Saada aliyeupeleka, na watu wa ngoma waliopiga vigoma na matari ili sauti ya tupa isisikike. Hesabu ni watu wangapi walihitajika ili shujaa mmoja atoke.

Hesabu hiyohiyo imo katika kisa cha Hydra. Herakles alipewa na Mfalme Eurystheus kazi kumi za kutumikia, na ya pili ilikuwa kumuua nyoka huyu wa kinamasi cha Lerna. Alikuwa na vichwa tisa, vinane vya kufa na cha katikati cha kutokufa. Kila kichwa kilichopondwa kiliota viwili. Juu ya hayo akatokea kaa mkubwa akamng'ata mguu. Herakles akafanya jambo ambalo kwenye picha za misuli halichorwi: akamwita msaidizi. Iolaus, mtoto wa ndugu yake, akawasha moto, na kila kichwa kilipokatwa yeye akachoma shina kwa kijinga kabla hakijaota tena.

Binti yetu wa uuguzi anakielewa kisa hiki kuliko mimi. Mwaka wa kwanza alizipita hesabu za dozi kwa kukariri fomula usiku wa mtihani. Kichwa kilikatwa, shina halikuchomwa. Mwaka wa pili hesabu zilezile zikamrudia katika famakolojia, na wodini zikamrudia tena katika kasi ya matone ya dripu na dozi ya mtoto kwa uzito wake. Viwili badala ya kimoja. Alikaa na mwenzake aliyezijua, wakafanya mifano kuanzia mililita na miligramu, jioni baada ya jioni, mpaka akaweza kunieleza mimi nisiyejua lolote. Kuweza kumweleza mtu asiyejua ndiko kuchoma shina. Kabla ya hapo ujue kichwa kitaota.

Kile kichwa cha katikati hakikufa. Herakles alikikata, akakifukia kando ya barabara na kukandamiza jiwe zito juu yake, akaendelea na safari. Wapo wanafunzi wenye jambo la namna hiyo: baba mlevi, ugonjwa wa kudumu, ada isiyojulikana itatoka wapi mwakani. Mshauri wa wanafunzi hataliua, wala mimi sitaliua. Anaweza kusaidia kulitafutia jiwe, ili saa za kusoma zibaki za kusoma.

Kisha Herakles akarudi kwa Eurystheus, na mfalme akakataa kuihesabu kazi ile kwa sababu Iolaus alisaidia. Baadaye akakataa pia usafi wa mazizi ya Augeas, kwa kuwa Herakles alikuwa amepatana malipo. Kwa hiyo kazi kumi zikawa 12, na mbili za nyongeza zikampeleka hadi kwenye matofaa ya dhahabu ya Hesperides na kuzimu kwa mbwa Cerberus. Katika masimulizi ya Apollodorus, mwandishi wa kale wa Kigiriki, sioni mahali ambapo Herakles aliambiwa kabla kwamba msaada unaibatilisha kazi. Aliambiwa alipokwisha kuifanya.

Sehemu hii nawasomea wahadhiri wenzangu. Tunataka vijana wajifunze kushirikiana, tunawapa kazi za vikundi, kisha mwanafunzi aliyeelekezwa na mwenzake usiku kucha anajikuta anaulizwa kama amedesa. Wengine hawajui mpaka uko wapi kwa sababu sisi tunauchora siku ya kusahihisha. Wiki ya kwanza ya kila muhula, kabla ya mada yoyote, naandika ubaoni kazi zipi ni za kikundi na zipi za mtu mmoja, msaada gani unaruhusiwa katika kila moja, na alama zitagawanywaje. Mwenye swali anauliza siku hiyohiyo, na darasa zima linalisikia jibu.